Maswali ya Wasomaji: Kliniki ya Wajawazito Ikiwa Mbali na Kijiji

Mwezi huu wakunga wetu wanajibu barua tatu kutoka vijijini.

SWALI: Kijiji chetu kina watu wapatao 3,000 na zahanati iko kilomita 14. Muuguzi huja na huduma ya mkoba mara moja kwa mwezi, lakini siku hiyo foleni haiishi na baadhi ya kina mama hurudi bila kupimwa. Wananchi wako tayari kuchanga tujenge banda la kliniki. Tuanzie wapi?
Mjumbe wa serikali ya kijiji, Kilindi

JIBU: Banda lisubiri kidogo, Ndugu Mjumbe. Pigeni hesabu kwanza. Kwa vijiji vyetu, kadirio linalotumika sana ni mimba 4 kwa mwaka kwa kila watu 100. Kwenu ni mimba kama 120. Mwongozo wa sasa unataka mahudhurio 8: la kwanza kabla ya wiki 12, kisha wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Hayo ni mahudhurio 960 kwa mwaka, yaani 80 kwa mwezi. Hata kila mama akipewa dakika 15 tu, ni saa 20 za kazi. Muuguzi mmoja kwa siku moja hawezi, hata mkimjengea ghorofa.

Gawanyeni kazi. Mahudhurio 5 ya mwanzo, hadi wiki ya 34, yafanyike kijijini. Matatu ya mwisho mama ayafuate zahanati, kwa kuwa wakati huo ni vizuri awe karibu na mahali atakapojifungulia. Mnabaki na mahudhurio 50 kwa mwezi. Ombeni siku mbili, kwa mfano Jumanne ya pili na ya nne, zisigongane na siku ya mnada. Kila siku itakuwa na kina mama 25, na watoa huduma wawili wanawamaliza kwa saa tatu au nne, maana hudhurio la kwanza huchukua muda zaidi.

Huduma ya mkoba hukwama mara nyingi kwa sababu ya mafuta ya pikipiki. Ombi lenu lipelekwe kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati kabla mpango wa mwaka haujafungwa, mafuta ya safari 24 yaandikwe humo. Ahadi ya mdomo ya “tutawasaidia” haina fungu.

Michango yenu inunue vitu vidogo: pazia zito, benchi pana la kulaza mama, meza mbili, ndoo ya kunawia yenye koki, maji salama ya kunywa na vikombe. Vikombe vina kazi. Dawa ya SP ya kukinga malaria humezwa palepale mbele ya muuguzi, na pasipo na maji mama hupewa aende nayo nyumbani, ambako mara nyingi haimezwi. Choo nacho kisisahaulike, maana bila choo hakuna mkojo wa kupima.

Jambo jingine: aliyetembea juani asipimwe presha anapofika tu. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Ikisoma 140/90 au zaidi, arudiwe baada ya mapumziko. Ikibaki juu, apimwe protini kwenye mkojo, na ikionekana apewe rufaa siku ileile.

SWALI: Nina mimba ya miezi miwili hivi. Mume wangu yuko machimboni. Nimeambiwa kliniki hawapokei asiyekuja na mwenzake au barua ya mwenyekiti wa kijiji, na mama mkwe anasema nisubiri tumbo lionekane. Halafu mimba iliyopita vidonge vya kuongeza damu vilinitapisha.
Mama mtarajiwa, Uvinza

JIBU: Nenda wiki hii, mama. Kuja na mwenza kunahimizwa ili nanyi mpimwe pamoja, lakini si sharti la kuhudumiwa. Ukirudishwa mlangoni, omba kumwona mganga mfawidhi. Na kama njia ni ndefu kiasi kwamba huwezi kuhatarisha safari, mpitie mwenyekiti akuandikie. Tunajua haikupasa, lakini siku uliyohudumiwa ina thamani kuliko siku uliyoshinda mabishano. Asikudai hela kwa barua hiyo.

Mama mkwe huenda anaogopa maneno ya watu. Mwambie kadi unakaa nayo mwenyewe. Kungoja kuna gharama: kaswende na VVU vikigunduliwa mapema, mtoto hukingwa. SP nayo huanza baada ya wiki ya 13, vidonge 3 kwa mkupuo, kisha kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua. Anayeanza mwezi wa saba hafikishi dozi tatu kwa urahisi. (Anayetumia Septrini kila siku, dawa ya kinga wanayopewa baadhi ya wanaoishi na VVU, hapewi SP.)

Kumbuka pia tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kama ilikuwa 10 Machi, matarajio ya kujifungua ni 17 Desemba. Tumbo likishakuwa kubwa na tarehe imesahaulika, umri wa mimba unakuwa wa kubahatisha.

Vidonge vya damu meza usiku baada ya chakula, kwa maji au na chungwa. Chai ikae mbali navyo saa moja hadi mbili, kwani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Hamu ya kula udongo mara nyingi huja na upungufu wa damu, na udongo wenyewe huuzidisha, basi mwambie muuguzi bila haya.

SWALI: Kina mama wangu wanahudhuria vizuri, lakini bado wapo wanaojifungulia njiani.
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanganyika, Katavi

JIBU: Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji, mwenye mapacha, au aliyezaa mara tano na zaidi asingojee uchungu nyumbani. Kuanzia wiki ya 37 asogee kwa ndugu karibu na kituo chenye upasuaji, au kwenye nyumba ya kungojea wajawazito kama ipo. Nani atabaki na watoto lipangwe tangu wiki ya 32, maana hilo ndilo huwarudisha nyumbani.

Kwa dharura piga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Taja kitongoji, alama inayoonekana barabarani, dalili na wiki za mimba. Mahali penye mtandao papimwe mapema na kila kaya ipajue.

Kutokwa damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa kali, mtoto kuacha kucheza, chupa kupasuka kabla ya wakati: yoyote kati ya hizo haingoji asubuhi. Mwenye degedege asipandishwe bodaboda. Mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtu mmoja abaki naye hadi gari lifike.