Wiki tatu zinamtosha mtoto wa sili?
Umeuliza mtoto wa sili wa kijivu, mnyama wa baharini anayenyonyesha, anawezaje kunyonya wiki tatu tu kisha akaachwa. Siri iko kwenye mafuta. Maziwa ya ng'ombe yana mafuta kama asilimia 4. Ya sili huyu hufika karibu 60, mazito ajabu, na sukari yake ni kidogo mno. Mtoto huzaliwa na kilo 14 hivi, na katika siku 18 hivi anakaribia kilo 45, sehemu kubwa ikiwa mafuta chini ya ngozi ya kumkinga na baridi. Anayelipa ni mama: muda wote huo kwa kawaida hali kitu, anayeyusha mwili wake mwenyewe. Akishaondoka, mtoto naye hufunga wiki kadhaa kabla ya kwenda kuvua.