Wastani wa eneo zima hautakuambia nani anaumia

SWALI: Nafanya kazi ya mipango katika eneo la viunga vya jiji lenye mitaa 6. Tumeagizwa tupime kila mwaka afya ya kijamii na ustawi wa wakazi. Fedha tulizonazo zinatosha kuhoji watu 400, na viongozi wanataka namba moja ya kuonyesha kama tunapanda au tunashuka. Je, watu 400 wanatosha? Na hiyo namba moja tuipateje?

JIBU: Nianze na hao 400, maana ukikosea hapo fedha zote zimepotea. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu, kila mkazi akiwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa, wanatosha kukupa picha ya eneo zima. Ukikuta nusu yao wameridhika na maisha, hali halisi itakuwa ndani ya pointi 5 hivi juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Shida inaanza unapowagawa kwa mitaa. Kila mtaa unabaki na watu 67 hivi, na zile pointi 5 zinakuwa 12. Mtaa uliopata asilimia 44 na mwingine uliopata 55 hutaweza kusema kwa haki kwamba wanatofautiana.

Na hesabu hiyo inachukulia kwamba watu wametawanyika. Wadodosaji wakipelekwa mahali pamoja wakahoji kaya 20 zilizopakana, watakutana na watu wanaofanana kipato, maji na usalama. Kufanana huko kukiwa 0.05 tu, kwa kipimo ambacho 1 ni kufanana kabisa, sampuli inayohitajika inazidishwa kwa 1 + (19 × 0.05), hiyo 19 ikiwa kaya 20 kasoro moja, yaani 1.95, karibu maradufu. Kwa kaya 5 kila mahali inazidishwa kwa 1.2 tu. Kwa hiyo chukua kaya chache katika sehemu nyingi, hata kama nauli ya wadodosaji itapanda. Kama mnataka kulinganisha mitaa, unganisheni majibu ya miaka miwili au mitatu.

Kumbukumbu za ofisi nazo zina mtego wake, hasa kwenye viunga. Watu wanalala huku na kushinda kazini kwingine, wanatibiwa kwingine, wanaibiwa kwingine. Ukichukua takwimu za kituo cha afya au cha polisi kilichopo kwenu, unahesabu matukio ya mahali, huhesabu wakazi wako. Omba takwimu zipangwe kwa makazi ya mhusika. Kwenye kipato tumia mediani, yaani kipato cha aliye katikati wote wakipangwa kutoka wa chini hadi wa juu, badala ya wastani, kwa sababu nyumba chache za kifahari zinaweza kuupandisha wastani bila jirani yao kupata chochote.

Sasa ustawi wenyewe. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya kuwa ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, na hilo la tatu ndilo hubaki nje ya madodoso mengi. Kwa maisha kwa ujumla, tumia ngazi ya Cantril: mtu anafikiria ngazi yenye 0 chini, maisha mabaya kabisa kwake, na 10 juu, maisha bora kabisa kwake, kisha anasema yuko wapi. Liweke swali hilo mwanzoni, kabla hujamkumbusha deni au ugonjwa. Kwa hali ya moyo lipo dodoso fupi la shirika hilohilo, WHO-5: kauli tano kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 5, jumla unazidisha kwa 4. Aliyepata 50 kushuka anahitaji kuangaliwa zaidi. Kwa mahusiano uliza mambo yanayoshikika: ukiugua usiku, kuna mtu nje ya kaya hii unayeweza kumwita? Siku 7 zilizopita umekaa kuzungumza na nani asiye wa nyumbani kwako?

Haya yaulizwe faraghani. Niliwahi kufuatana na mdodosaji hadi kwa bibi mmoja. Mwanawe akiwa ameketi pembeni, bibi alijibu 8 kwenye ngazi. Simu ilipolia mwana akatoka nje, na bibi akainama na kusema kwa sauti ya chini, "Andika 4, mwanangu." Tangu siku hiyo sikubali hojaji mbele ya watu wa nyumbani.

Matokeo ya ngazi usiyatoe kwa wastani peke yake. Mtaa ambao kila mtu yuko 6, na mtaa ambao nusu wako 9 na nusu wako 3, yote ina wastani wa 6. Toa pia asilimia ya walio 4 kushuka, na useme ni akina nani: wazee wanaoishi peke yao, wapangaji, waliohamia karibuni.

Kuhusu namba moja, mimi singeitoa mwaka wa kwanza. Viongozi wakiishikilia, fanya kama Kielelezo cha Maendeleo ya Binadamu cha Umoja wa Mataifa kilivyofanya kuanzia 2010: zidisha alama badala ya kuzijumlisha. Kipato kikipata 0.9 na mahusiano 0.1, wastani wa kawaida ni 0.5, lakini kipeuo cha pili cha zao lao (0.09) ni 0.3, na pengo linabaki kuonekana. Chini ya namba hiyo weka jedwali la mitaa yote 6, ukurasa uleule, na mwakani uliza maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule, mwezi uleule.