Je, Ghazali na Thomas Aquinas walikuwa wakijibu hoja ileile ya Aristotle?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa falsafa seminarini. Tumefundishwa kwamba Thomas Aquinas alimpokea Aristotle na kujenga teolojia juu yake. Likizo iliyopita nilibishana na binamu yangu wa Tanga, yeye anasoma elimu ya dini ya Kiislamu. Anasema Imam Ghazali alimbomoa Aristotle pamoja na wafuasi wake, hasa kwenye dai kwamba ulimwengu hauna mwanzo. Sasa nina insha ya kuandika juu ya suala hilihili. Aristotle alitoa hoja gani hasa? Inakuwaje mwamini mmoja aikatae na mwingine aipokee, ilhali wote wanakiri kwamba Mungu ameumba? Na je, nadharia ya mlipuko mkuu haijaufunga mjadala huu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuandika hata mstari mmoja, sahihisha jambo hili: kwenye suala la mwanzo wa ulimwengu, Aquinas hakumpokea Aristotle. Aliamini kwamba ulimwengu una mwanzo, sawa kabisa na Ghazali. Kilichomshughulisha ni swali jingine, gumu zaidi: je, akili peke yake, bila ufunuo, inaweza kuthibitisha kwamba mwanzo ulikuwepo, au kwamba haukuwepo? Insha yako ikilishika swali hilo, mengine yatajipanga.

Hoja ya Aristotle iko mwanzoni mwa kitabu cha nane cha Fizikia. Tuseme kulikuwa na mwendo wa kwanza kabisa, ambao kabla yake hakuna kilichokuwa kikibadilika. Basi chenye kusogeza na chenye kusogezwa vilikuwa wapi? Kama havikuwepo vikatokea, huko kutokea kwenyewe ni badiliko, kwa hiyo ule mwendo haukuwa wa kwanza. Kama vilikuwepo tangu milele vimetulia tu, lazima kuna kilichobadilika hata utulivu ukaisha. Moto na kuni vinaweza kukaa mbalimbali bila chochote kuungua. Kuni zikianza kuungua, basi kuna aliyezisogeza, au kuna kizuizi kilichoondoka. Hapo tena tumepata badiliko lililotangulia lile la kwanza. Upande wowote utakaoshika, unarudi nyuma.

Kisha anaongeza hoja ya wakati. Kwake yeye wakati ni kipimo cha mwendo kwa kufuata kilichotangulia na kilichofuata. Kila “sasa” unayoitaja ni mwisho wa muda uliopita na mwanzo wa muda ujao, kwa hiyo huwezi kuipata “sasa” isiyo na wakati nyuma yake. Wakati haukuanza, na kwa kuwa wakati ni kipimo cha mwendo, mwendo nao haukuanza.

Angalia anakoelekea. Kutokana na mwendo wa milele Aristotle anafikia Msogezi asiyesogezwa, asiye na mwili, asiyebadilika. Hapo ndipo penye mtego kwa kila mwamini aliyemsoma baadaye: uthibitisho mzuri wa kuwepo kwa kitu kama Mungu umesimama juu ya msingi ambao Qur'ani na Biblia haviukubali.

Wa kwanza kuichimba hoja hii kwa nguvu hakuwa Ghazali wala Aquinas. Alikuwa Yohane Philoponus, Mkristo wa Alexandria, ambaye mwaka 529 aliandika kitabu kizima kumpinga mwanafalsafa Mgiriki Proclus juu ya umilele wa ulimwengu. Mbinu yake naipenda kwa sababu alimshika Aristotle kwa maneno ya Aristotle mwenyewe. Aristotle alifundisha kwamba kitu kisicho na kikomo hakiwezi kuwepo kwa ukamilifu wala kupitiwa chote hadi mwisho. Sasa, kama ulimwengu hauna mwanzo, miaka isiyo na kikomo imekwisha kupita hadi kufika leo. Imepitiwaje? Na mwakani itakuwa mingi kuliko isiyo na kikomo? Hoja hizi zilivuka kwenda kwenye Kiarabu, mwanafalsafa Mwislamu al-Kindi akazitumia Baghdad katika karne ya 9, na miaka elfu moja na zaidi baada ya Philoponus utazikuta kwa Mjerumani Immanuel Kant, kwenye kitabu chake cha mwaka 1781, anapoweka hoja ya mwanzo na hoja ya kutokuwa na mwanzo uso kwa uso.

Sasa tuje kwa Imam wa binamu yako. Ghazali (1058–1111) hakuwa akipigana moja kwa moja na mzee wa Athens. Mwanzoni mwa Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa alichokimaliza mwaka 1095, anasema wazi kwamba atamchukua Aristotle kwa jinsi alivyowasilishwa na Farabi na Ibn Sina, wanafalsafa Waislamu waliomfuata Aristotle. Tofauti hiyo ni kubwa. Ibn Sina (980–1037) alikuwa ameigeuza hoja ya mwendo ikawa hoja ya sababu. Mungu, anasema, ni sababu kamili isiyopungukiwa na chochote. Sababu ikiwa kamili, matokeo hayacheleweshwi. Kama ulimwengu ulichelewa kuwepo, Mungu alikuwa akingoja nini? Alipata uwezo mpya? Nia mpya? Chombo ambacho hakuwa nacho? Yote hayo ni mabadiliko, na Mungu habadiliki. Kwa hiyo ulimwengu umekuwepo siku zote, na siku zote unamtegemea Yeye. Huyo Ibn Sina hakumkana Muumba. Alichokisema ni kwamba kutegemea hakuhitaji mwanzo katika wakati. Likumbuke jambo hili, maana tutalikuta tena Paris.

Jibu la Ghazali liko kwenye suala la kwanza kati ya masuala 20 ya kitabu chake, nalo ndilo refu kuliko yote. Anasema: nia ya milele inaweza kuwa iliamua tangu milele kwamba ulimwengu uwepo wakati fulani. Nia haikubadilika, kilichotimia ni kile kilichonuiwa. Wapinzani wanauliza, nyakati zote zinafanana, kwa nini huu na si ule? Anawajibu kwa mfano wa mtu mwenye hamu ya kula, mbele yake tende mbili zinazolingana kwa kila hali, na hawezi kuzichukua zote mbili. Atakufa njaa akitafuta tofauti? Atachukua moja. Kazi ya nia ni hiyo hasa, kuteua kimoja kati ya vinavyofanana.

Halafu anapanda angani. Jua, kwa hesabu za wanajimu wa zama zake, linamaliza mzunguko kwa mwaka mmoja, Zohali kwa miaka 30. Basi mizunguko ya Zohali ni sehemu moja ya 30 ya mizunguko ya jua. Lakini mnasema yote miwili haina kikomo! Isiyo na kikomo inakuwaje sehemu ya 30 ya isiyo na kikomo nyingine? Na jumla ya mizunguko hiyo ni shufwa au witiri? Ibn Rushd wa Cordoba (1126–1198), mwanafalsafa Mwislamu mtetezi wa Aristotle, alimjibu kwenye Tahafut al-Tahafut, kitabu cha kuijibu Tahafut, kwamba mizunguko iliyopita haipo pamoja, imekwisha kutoweka, na kisichokusanyika mahali pamoja hakina jumla ya kuulizwa kama ni shufwa au witiri. Ni jibu zito. Naona bado linamdai maelezo, kwa sababu idadi ya vilivyopita inaonekana kuwa kweli hata kama vyenyewe havipo tena, lakini usilipite haraka.

Hapa ndipo mimi sikubaliani na neno “alimbomoa” la binamu yako. Msomeni Ghazali kwenye dibaji zake. Anawaambia wanafalsafa kwamba masharti ya uthibitisho waliyoyaweka wao wenyewe kwenye mantiki hawakuweza kuyatimiza walipofika kwenye mambo ya Mungu. Masharti hayo ni ya nani? Ni ya Aristotle: uthibitisho wa kweli huanza na kauli zisizo na shaka na kufika kwa lazima kwenye hitimisho. Ghazali hakuitupa mantiki hiyo. Aliandika kitabu cha kuifundisha, Mi'yar al-'Ilm, akaitaka itumike hata kwenye elimu za dini. Ameikataa metafizikia ya Wagiriki, yaani mafundisho yao juu ya Mungu na asili ya kuwepo, kwa kuishika mantiki yao, na athari ya Aristotle kwake ninaiona hapo kuliko popote pengine. Zingatia pia kwamba ndani ya Tahafut anasema lengo lake ni kuonyesha kwamba wapinzani hawajathibitisha. Hoja zake za kuthibitisha mwanzo amezipeleka kwenye kitabu kingine, al-Iqtisad.

Sasa Paris. Wenzako wengi hudhani Kanisa lilimkumbatia Aristotle tangu siku ya kwanza. Mwaka 1210, na tena 1215, vitabu vyake vya maumbile vilipigwa marufuku kufundishwa huko Paris. Mwaka 1255 kitivo cha sanaa cha chuo kilekile kikavifanya vya lazima. Aquinas alisoma na kufundisha katika miongo hiyo ya joto. Mezani alikuwa na tafsiri zilizotoka moja kwa moja kwenye Kigiriki, za Yakobo wa Venice na baadaye za William wa Moerbeke, pamoja na maelezo ya Ibn Rushd yaliyotoka Kiarabu. Alikuwa pia na kitabu cha Myahudi Musa bin Maimuni, mwenyeji wa Cordoba, aliyeandika kwa Kiarabu huko Misri kwamba umilele wa ulimwengu haujathibitishwa na mwanzo wake nao haujathibitishwa. Kwa hiyo ukiulizwa kama Aristotle alifika Ulaya kwa njia ya Kigiriki au ya Kiarabu, jibu ni kwa zote mbili, na kila njia ilileta vitu vyake.

Msimamo wa Aquinas uko katika Summa Theologiae, sehemu ya kwanza, swali la 46. Kifungu cha kwanza kinasema hoja za umilele hazilazimishi, na anamleta Aristotle mwenyewe kama shahidi. Ni kweli, katika Topika Aristotle aliwahi kutaja suala la kama ulimwengu ni wa milele miongoni mwa mambo makubwa ambayo hatuna hoja ya kuyakata. Musa bin Maimuni alikuwa amekwisha kuliona fungu hilohilo. Kifungu cha pili ndicho kilichowaudhi wengi: kwamba ulimwengu ulianza, tunalishika kwa imani tu, wala haliwezi kuthibitishwa. Anaonya kwamba mwamini akileta hoja dhaifu kutetea jambo la imani, anawapa wasioamini nafasi ya kucheka, wakidhani tunaamini kwa sababu ya hoja hizo.

Humo pia anataja mfano alioupata kwa Augustino. Fikiria mguu uliokanyaga vumbi tangu milele. Chini yake unyayo ungekuwepo siku zote, bila siku hata moja ya kuanza, na bado kila mtu angejua kwamba unyayo umetokana na mguu, wala si mguu kutokana na unyayo. Unaona alikofika? Kuumbwa ni kumtegemea Mungu kwa kuwepo kwako kote, na utegemezi huo ungekuwa kamili hata kama usingekuwa na siku ya kwanza. Wazo hilo la Ibn Sina limeishi, ila sasa liko mikononi mwa mtu anayeamini kwa dhati kwamba siku ya kwanza ilikuwepo.

Bonaventura, mwenzake wa Paris, hakukubali kabisa. Aliona kwamba akili inaweza kuonyesha mwanzo, kwa hoja za kutopitika kwa kisicho na kikomo, zilezile za ukoo wa Philoponus. Kwa hiyo Mkristo Bonaventura hapa yuko karibu na Ghazali wa al-Iqtisad kuliko na Mkristo Aquinas. Andika sentensi hiyo kwenye insha yako na uitetee. Aquinas alifariki 1274. Tarehe 7 Machi 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani kauli 219, umilele wa ulimwengu ukiwa miongoni mwa mambo yaliyolengwa.

Tahadhari moja ya kitaalamu. Usiandike kwamba Aquinas aliisoma Tahafut ya Ghazali. Kilichotafsiriwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 ni kitabu chake kingine, Maqasid al-Falasifa, ambamo anaeleza mafundisho ya wanafalsafa kabla ya kuyapinga. Nakala nyingi zilisambaa bila dibaji inayoeleza nia hiyo, na wasomi wa Ulaya waliosoma Kilatini kwa muda mrefu wakamhesabu “Algazel”, yaani Ghazali, kuwa mfuasi wa Ibn Sina. Kitabu cha Ibn Rushd kinachoinukuu Tahafut kilipata tafsiri ya Kilatini mwaka 1328, zaidi ya nusu karne baada ya kifo cha Aquinas. Kwa hiyo wewe na binamu yako mnalinganisha watu wawili ambao hawakujibizana. Kila mmoja alikuwa akiijibu hoja ileile ya asili, Ghazali akiipokea kutoka kwa Ibn Sina, Aquinas kwenye Kigiriki na kwa Ibn Rushd.

Kuhusu mlipuko mkuu: nadharia hiyo inaeleza jinsi ulimwengu ulivyotanuka kutoka hali ya joto na msongamano mkubwa mno, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita. Georges Lemaître, padre na mwanafizikia wa Ubelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba yote yalitoka kwenye kitu kimoja cha asili, naye alishikilia kwamba nadharia yake iko nje ya maswali ya metafizikia na dini. Nakubaliana naye. Fizikia inaweza kukuambia hali ya zamani kabisa ambayo milinganyo yake inaifikia. Kwamba kabla ya hapo hapakuwa na kitu chochote ni dai jingine, na linahitaji hoja yake. Na hata likithibitishwa, swali la Ibn Sina na Aquinas, la kwa nini kitu kinachoweza kutokuwepo kipo, halitakuwa limeguswa.

Anza kusoma na sura ya kwanza ya kitabu cha nane cha Fizikia, kisha suala la kwanza la Tahafut, ndipo uende kwenye swali la 46. Suala la kwanza la Tahafut lisomeni pamoja, wewe na binamu yako; yeye akushikie Kiarabu, wewe umshikie Kilatini.