Wasomaji Wauliza: Nywele, Sketi na Kanuni za Shule

SWALI: Binti yangu anaingia senior one, mwaka wa kwanza wa sekondari, shule ya serikali. Barua ya kujiunga inataka nywele fupi kabisa. Shuleni wananyolewa wote kwa mashine moja, na dada yake amerudi likizo na punye. Nifanyeje? – Mama, Jinja

JIBU: Mama, mnyoe nyumbani siku mbili tatu kabla hajaripoti. Akifika na urefu unaotakiwa, hana haja ya kupanga foleni kwenye mashine ile. Kinyozi aweke chanuo namba 1, linaloacha kama milimita 3. Asipitishe meno ya mashine matupu, bila chanuo, kwenye ngozi: nywele za kipilipili zikiota tena hujikunja na kuingia chini ya ngozi, hasa kisogoni, zikaleta vipele vinavyouma.

Punye huletwa na kuvu, nayo hubebwa na vipande vya nywele na magamba yanayonasa katikati ya meno. Kupangusa spiriti juu juu hakufai, kwa kuwa spiriti haipenyi uchafu huo. Kwanza meno yapigwe brashi mpaka yasibaki na unywele, kisha yapakwe spiriti na kuachwa yakauke yenyewe, ndipo litiwe tone la mafuta ya mashine. Meno makavu huchemka na kukwaruza. Hata hivyo kuvu hii ni sugu. Wazazi wa bweni moja wakichanga, wanunue seti ya pili ya meno, na mwenye magamba kichwani asinyolewe kwa yale ya wengine.

Dada yake usimpake mafuta tu. Kuvu imeshaingia ndani ya unywele hadi shinani, ambako dawa ya kupaka haifiki, na kunyoa peke yake hakuponyi. Mpeleke kituo cha afya apewe ya kumeza. Griseofulvini, inayotumika sana, humezwa wiki 6 hadi 8, pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vizuri. Wengi huacha magamba yanapotoweka, na hapo ndipo ugonjwa unaporudi. Taulo, mto na kitana chake visiguswe na mwingine.

SWALI: Sketi ya mwaka jana sasa iko juu ya magoti na binti ameonywa. Lazima nishone mpya kila mwaka? – Baba, Arua

JIBU: La, mzee, ukimbana fundi mapema. Msichana wa miaka 12 au 13 anaweza kurefuka sentimita 6 na zaidi kwa mwaka, kwa hiyo agiza pindo la sentimita 8 hadi 10, na akiba ya sentimita 2 kila upande wa kiuno. Kitambaa chenye pamba kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, la sivyo kitapungua urefu baada ya kufuliwa. Sketi ianikwe kivulini, upande wa ndani ukiwa nje. Jua likiipausha, siku ya kushusha pindo patabaki mstari mweusi ambao hakuna pasi itakayouondoa.

SWALI: Mwanangu alichapwa kwa sababu ya nywele, kisha akapitishwa mashine katikati ya kichwa mbele ya wenzake. Ni halali? – Mzazi, Kampala

JIBU: Shule ina haki ya kudai nywele fupi. Kumchapa mtoto haina: marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Watoto ya Uganda yamekataza adhabu ya viboko shuleni. Na kumchora njia kichwani ni kumdhalilisha. Hata usafi hauletwi hivyo. Andika tarehe, saa na waliokuwapo, piga picha ya alama siku hiyohiyo, mpeleke kwa daktari kama ameumia. Mwone mwalimu mkuu ukiwa na barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Asipojibu, nenda kwa bodi ya shule, kisha kwa afisa elimu wa wilaya. Simu ya watoto, 116, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.