Skuta zinazoachwa ovyo njiani: GPS peke yake haitoshi

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasomea uundaji wa programu hapa Stockholm. Mradi wetu wa mwisho ni programu ya simu ya kuripoti skuta za umeme za kukodi zilizoegeshwa vibaya. Nimepanga mpita njia abonyeze kitufe, GPS ichukue mahali alipo, ripoti iende kwa kampuni. Msimamizi wangu anasema haitoshi, ila hajanieleza kwa nini. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Umeiamini mno GPS. Simu ya kawaida, hata mahali pa wazi, hukosea kwa mita 5 hivi. Ukiwa katikati ya majengo marefu, mawimbi ya satelaiti hugonga kuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na kosa linazidi. Huko kwenu, tangu Septemba 2022, ni marufuku kuegesha skuta kwenye njia ya waenda kwa miguu au ya baiskeli, isipokuwa palipotengwa. Kati ya palipotengwa na pasiporuhusiwa huenda pakawa na hatua moja tu. Kwa GPS, skuta iliyo ndani ya mistari na ile iliyoziba njia kando yake zote ziko mahali pamoja.

Basi GPS ikuambie ni mtaa gani, hukumu itoke kwenye picha. Na picha usimwachie mtu apige atakavyo, utaletewa usukani mtupu. Chora fremu kwenye kioo cha kamera, mwelekeze arudi nyuma hatua mbili tatu hadi zionekane skuta nzima, ardhi iliyo chini yake na kile ilichokiziba. Nyuso za wapita njia zifiche ndani ya simu kabla picha haijapanda kwenye seva. Sheria za faragha za Ulaya hazina mchezo.

Jambo la pili ni utambulisho. Najua utavutiwa na GBFS, ule mfumo wa data za wazi ambao kampuni hutangazia vyombo vyake vilivyo huru. Ni mzuri kwa kujua kuna nini karibu, lakini kitambulisho cha chombo humo hubadilishwa kila baada ya safari ili aliyekikodi asifuatiliwe. Kwa hiyo hakitakusaidia kuijua skuta ileile kesho. Soma msimbo wa QR uliobandikwa kwenye skuta yenyewe. Ukiwa umechubuka, mtu aandike namba kwa mkono. Ripoti kumi za namba moja, mtaa mmoja, saa moja, ziwe ripoti moja yenye uzito wa kumi. Usipofanya hivyo, mpokeaji atazima arifa zako siku ya kwanza.

Usiweke adhabu ya papo kwa papo kwa mtu wa mwisho kuikodi. Skuta huangushwa na upepo, husukumwa na mwenye haraka zake. Kampuni nyingi humtaka aliyeikodi apige picha anapomaliza safari. Wao ndio wenye uwezo wa kuilinganisha na yako. Wewe peleka picha na saa, basi.

Hapa ndipo miradi mingi ya wanafunzi huchemsha: anayeumizwa zaidi na skuta iliyolala njiani ni asiyeona, na ninyi mnamdai picha! Mwekee njia ya kuripoti kwa sauti na mahali tu, kisha ujaribu kila kitufe kwa TalkBack na VoiceOver (programu za Android na iPhone zinazomsomea asiyeona yaliyo kwenye kioo) huku kioo kimezimwa. Ripoti yake isisubiri picha ndipo ihesabiwe.

Usihofu sana kwamba kampuni zitakupuuza. Zimeona ya Paris: katika kura ya Aprili 2023, karibu asilimia 89 ya waliopiga walizikataa skuta za kukodi (waliojitokeza hawakufika hata asilimia 8, lakini matokeo ni matokeo), na kufikia Septemba mwaka huo zilikuwa zimeondolewa.

Kabla ya kuandika msimbo, chagua mtaa mmoja, uende na tepu ya kupimia. Chora mipaka halisi ya kila sehemu iliyotengwa, andika na upana wa njia unaobaki. Ramani hiyo ndiyo jedwali lako la kwanza kwenye hifadhidata. La pili ni ripoti, nalo liwe na safu ya saa ya kupokelewa na ya saa ya kuondolewa, ithibitishwe kwa picha mpya ya mahali palepale. Usikubali kampuni ijifungie ripoti yenyewe.