Maswali na majibu: vichaka vya maua katika upepo wa Dodoma

Swali: Nimepanda haidrenjia upande wa mashariki wa nyumba yangu hapa Dodoma, kwa sababu nilielezwa kuwa zinapenda jua la asubuhi. Ninazimwagilia kila jioni, lakini kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia. Je, niongeze maji?

Jibu: Usiongeze. Kingo za majani zikikauka ilhali udongo una unyevu, wa kushukiwa kwanza ni upepo. Upepo mkavu wa kiangazi huondoa maji kwenye majani kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na haidrenjia, yenye majani mapana na laini, huumia mapema kuliko vichaka vingine. Ushauri wa jua la asubuhi ni sahihi, ila umeandikwa kwa ajili ya mahali pasipo na upepo wetu, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukizihamishia magharibi utakuwa umezikimbiza upepo na kuzikabidhi kwa jua la saa tisa alasiri, ambalo ni baya vilevile. Kwa hiyo ziache zilipo, uzijengee kinga. Kwa maoni yangu, katika mji unaopata takriban milimita 550 hadi 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, haidrenjia moja katika chungu kikubwa barazani inatosha.

Swali: Je, ukuta wa matofali unafaa kuwa kinga hiyo?

Jibu: Unafaa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Upepo ukigonga ukuta usiopenya hupanda juu yake na kushuka upande wa pili kwa kuzunguka, mara nyingi palepale ulipopanda maua. Kinga bora ni ile inayopitisha karibu nusu ya upepo na kuupunguza nguvu, kama vile ua wa mimea au neti ya kivuli iliyofungwa kwenye nguzo imara. Ua wenye kimo cha mita 2 hupunguza upepo hadi umbali wa mita 20 hivi, ingawa nafuu kubwa hupatikana karibu zaidi. Minyaa hustahimili ukame vizuri, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho, hivyo isipandwe wanapocheza watoto. Mwarobaini nao ni mzuri, mradi uwe mbali, kwa kuwa mizizi yake itagombania maji na maua yako.

Swali: Majani machanga ya gadenia yangu yamekuwa ya njano, lakini mishipa yake bado ni ya kijani. Ninatumia maji ya kisima.

Jibu: Hiyo ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma. Gadenia huhitaji udongo wenye tindikali, na maji magumu ya kisima huipunguza tindikali hiyo hadi mmea ushindwe kufyonza chuma, hata kama kimo udongoni. Kinga maji ya mvua: paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 hutoa karibu lita 500. Weka mboji iliyooza vizuri, na usiweke majivu kamwe.

Swali: Ni wakati gani wa kupanda?

Jibu: Mvua za Desemba zikishaanza kunyesha mfululizo. Funga mche kwenye kijiti ili upepo usiutikise na kukata mizizi michanga, kisha tandaza nyasi kavu kwa unene wa sentimita 5 hadi 8 bila kugusa shina.

Swali: Mawaridi yangu yana utando mwembamba chini ya majani, na majani yamepauka.

Jibu: Hao ni utitiri, ambao huongezeka haraka penye joto, ukavu na vumbi. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani asubuhi, kwa siku kadhaa mfululizo. Usikimbilie dawa ya wadudu, kwa kuwa dawa nyingi za kawaida huwaua wadudu wanaowala utitiri na kuwaacha utitiri wenyewe.