Ukitaka Sauti Nzito Majini, Anza na Baluni

Kijana mmoja wa Shela, kisiwani Lamu, aliniuliza nyambizi inawezaje kutoa mngurumo baharini kwa hewa iliyoshindiliwa, bila spika yoyote. Nikamwambia alete baluni.

Nawe ukitaka kujaribu, achana na mtungi wa kupigia mbizi. Mimi nilianza nao, una baa 200 (yaani mara 200 hivi ya kanieneo ya hewa ya kawaida), na mpira wake wa kupitishia hewa nimeubana kwa klipu. Klipu ikaachia, mpira ukanichapa mkononi. Alama ninayo mpaka leo.

Kinachonguruma ni kiputo. Hewa ikiachiwa ghafla majini huvimba na kusinyaa kama kifua cha mtu aliyekimbia, na kadiri kiputo kilivyo kikubwa ndivyo kinavyopumua polepole. Mwanasayansi Minnaert alieleza hesabu yake mwaka 1933: kiputo cha upana wa milimita 2 huimba kwa hezi 3,300 hivi, yaani mitetemo 3,300 kwa sekunde, cha sentimita 20 kwa hezi 33 karibu na uso wa maji. Ukikizamisha zaidi, maji hukibana na sauti huwa nyembamba zaidi. Meli za kutafuta mafuta hutumia mbinu hiyohiyo, zikifyatua hewa ya takriban baa 140 kila baada ya sekunde 10 hivi.

Basi jaza baluni hadi sentimita 20. Itavuta juu kwa karibu kilo 4, kwa hiyo kijiwe hakitoshi. Sisi tulifunga nanga ya mtumbwi, nahodha akacheka sana. Ishushe mita 2, kisha itoboe kwa sindano iliyofungwa kwenye ncha ya pondo. Hakikisha hakuna mtu majini.

Mara ya kwanza nilidhani tumeshindwa. Nilipocheza kwenye kompyuta rekodi ya kinasa sauti tulichokizamisha, nilisikia "tik" tu, kumbe spika zake ndogo hazitoi sauti nzito kiasi hicho. Vaa hedifoni nzuri, au tazama grafu ya sauti.

Kosa langu la pili lilikuwa kufanyia jaribio kwenye mkondo wa maji mafupi. Kinasa sauti nilikiweka mbali, maji yakiwa mita 5. Sauti ya hezi 33 ina wimbi la mita 45 hivi. Kwenye maji mafupi namna hiyo inafifia upesi. Weka kinasa mita chache tu kutoka kwenye baluni, au toka nje ya mwamba kwenye kina cha mita 30.

Tena funga baluni kwa uzi kabla ya kuitoboa, urudi na vipande vyote. Kasa huvila.